Kuwaza kupita kiasi: namna ya kuyakata mawazo na kuanza kazi

Saa nane usiku nyumba imetulia, na mtu anapiga hesabu ile ile kwa mara ya kumi. Nikianza kuuza chapati, mtaji utatosha? Watu watanunua? Yule mama wa nyumba ya pili anayeuza tayari, atanionaje? Zikinilalia je? Anageuka upande wa pili, anaanza upya. Kunakucha hana jibu hata moja, usingizi umepotea, na wazo limezeeka siku moja zaidi. Mwezi unaisha hivyo, wakati mwingine mwaka.

Mtu huyu tusimwite mvivu. Amefanya kazi usiku kucha, ila ameifanya mahali pasipo na majibu. Kama watu wa mtaa wake watanunua chapati, hilo linajulikana mtaani tu, na halijawahi kuwa kichwani mwake. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: kuyatenga maswali ambayo kufikiri kunayajibu na yale ambayo kufikiri hakuyawezi, kisha kuyapeleka haya ya pili yanakojibiwa. Tutakwenda na muuza chapati mpaka mwisho. Wewe unayesita kuomba kazi, kurudi masomoni au kumkabili mtu anayekudai, badilisha majina, hatua ni zile zile.

Kwanza, ujue kama unafikiri au unazunguka

Kwa Kiswahili tukisema "fulani ana mawazo," kila mtu anaelewa kwamba fulani ameelemewa. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa. Kwao kufunga ni kufikiri, na kile kiishio kinazidisha: kufikiri mpaka kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha huduma yake Mbare, mjini Harare, mwaka 2006, alianza na bibi 14 wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na neno walilolisikia mara kwa mara lilikuwa hilo. Bibi hawakuwaambia watu "acha kuwaza." Walimsaidia mtu kuyataja matatizo yake yote, kuchagua moja, kupanga hatua moja ndogo, na kurudi kueleza imekwendaje. Matokeo ya utafiti wa watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hatua nyingi utakazosoma hapa chini zinafuata njia hiyo.

Kuzunguka kunajificha vizuri, kwa sababu ndani yake mtu anajiona anatafuta ufumbuzi. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza tangu mwaka 1991 kwamba kuchimba huzuni yako na sababu zake, bila kufanya lolote, kunairefusha huzuni hiyo. Kwa hiyo usijiulize kama unajisikia kufanya kazi. Tumia kipimo hiki: baada ya dakika 10 za kufikiri, je, kuna kitu kipya ambacho kingeweza kuandikwa kwenye karatasi? Bei, tarehe, jina la mtu wa kumuuliza, hatua? Kama hakuna, unazunguka. Dalili nyingine iko kwenye maswali yenyewe. Mzunguko unapenda "kwa nini mimi kila siku" na "itakuwaje kama." Kufikiri kunakosogea kunauliza "nifanye nini, lini, kwa shilingi ngapi."

Yatoe yote kwenye daftari

Chukua daftari na kalamu. Simu iache chumba kingine, maana ukiishika kwa ajili ya kuandika utakutana na ujumbe wa kundi kabla hujafika mstari wa pili. Weka dakika 15. Andika kila linalokusumbua kuhusu jambo hilo, mstari mmoja kwa kila moja, kwa maneno yale yale yanayokuja usiku. Usipange, usisahihishe.

Wengi hupata mistari 10 hadi 20 na kushangaa kwamba ni michache hivyo. Kichwani jambo moja linarudi mara mia na kuonekana mambo mia, ilhali kwenye karatasi linaandikwa mara moja. Ukisoma tena utakuta hofu moja imevaa nguo tatu: "watanicheka," "nitaaibika," "watasema nimeshindwa maisha." Zifute mbili, bakiza moja.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika matatizo ya maisha yote kwa mkupuo, ndoa, ada, afya ya baba na chapati. Ukurasa mmoja, jambo moja. Mengine yape kurasa zao siku nyingine.

Weka herufi pembeni

Sasa pitia mstari kwa mstari na uandike herufi moja pembeni ya kila mmoja.

P ni jambo lililopita au lisilo mikononi mwako.
U ni la kuulizia: jibu lipo tayari, kuna mtu analijua.
J ni la kujaribu: jibu halipo popote mpaka ufanye.

Ukurasa wa muuza chapati unaweza kuonekana hivi:

Mwaka juzi nilianza mitumba ikafa. P
Unga ukinunua mfuko mzima unaokoa kiasi gani? U
Serikali ya mtaa itanisumbua nikiweka meza pale? U
Watu watanunua? J
Nitaweza kuamka kila siku? J
Watanicheka. P
Gesi au mkaa? U
Mama wa nyumba ya pili atakasirika. U

Mstari wa mwisho unawashangaza wengi. Kama mama wa nyumba ya pili atakasirika, anayejua ni mama wa nyumba ya pili. Salamu nzuri na dakika tano za mazungumzo mlangoni kwake zinamaliza jambo lililokula wiki tatu. Huenda akakuambia yeye hapiki jioni, nawe ukapata saa yako ya kuuzia.

Mistari ya P haifutiki kwa kuambiwa "sahau." Ile ya mitumba ina funzo moja au mawili ndani yake. Liandike chini yake kwa sentensi moja ("nilikopesha watu, sikuandika") kisha piga mstari. Kicheko cha watu huna cha kukifanyia. Kubali tu kwamba huenda kikawepo, uendelee na ukurasa.

Maswali ya U: watu watatu, siku mbili

Kuulizia kuna utamu wake, na hapo ndipo wengi wanapojificha. Anayeuliza anaonekana yuko kazini. Ameongea na watu 12, ametazama video za mapishi mpaka saa saba usiku, ana picha 40 za meza za wauza chapati, na hajakanda donge moja. Kwa hiyo weka kikomo kabla hujaanza: watu watatu, siku mbili.

Chagua mmoja anayeifanya kazi hiyo sasa, mmoja anayenunua, na mmoja anayejua taratibu, kwa mfano mtendaji wa mtaa. Ndugu na marafiki wa karibu waache kwa sasa. Wanakupenda, na kwa sababu hiyo watakutia moyo hata kama hesabu ni mbovu, au watakuzuia kwa kukuogopea. Waulize hao watatu maswali yenye namba: "Kwa siku unauza ngapi? Unabakiwa na ngapi? Siku gani haiendi?" Ukiuliza "Unaonaje, nianze?" umerudi kwenye mzunguko, safari hii na mwenzako.

Kwa uchaguzi kama wa gesi na mkaa, kuna njia aliyoieleza Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alisema mtu hana muda wala taarifa za kutosha kupata kilicho bora kuliko vyote, kwa hiyo anaweka kiwango na kuchukua cha kwanza kinachokifikia. Andika masharti matatu kabla hujakwenda dukani: kiwe ndani ya pesa niliyo nayo, kibebe kikaango nilicho nacho, kipatikane leo. Jiko la kwanza linalotimiza yote matatu ndilo. Wazee walishasema mchagua jembe si mkulima.

Hapa lazima tuseme jambo moja kwa uzito. Kuna maamuzi yanayorudishika na yasiyorudishika. Kuuza shamba, kuacha kazi yenye mshahara, kukopa kwa dhamana ya nyumba, kuoa au kuolewa: haya yanastahili majuma ya kufikiri, kuongea na wote yatakaowagusa, na kuwekewa tarehe ya mwisho ya kuamua. "Haraka haraka haina baraka" mahali pake ni hapo. Mwenye tabia ya kuwaza sana huichukua methali hiyo na kuibandika kwenye kilo mbili za unga. Jiulize: nikikosea, nitarudi nilipokuwa ndani ya wiki mbili? Kama ndiyo, uamuzi usizidi siku mbili.

Maswali ya J: jaribio lenye mipaka

Hii ndiyo kazi yenyewe. Jaribio linalofaa lina vitu vinne, na vyote vinaandikwa kabla ya kuanza: kiasi, siku, hasara ya juu unayoikubali, na namba itakayoamua kinachofuata.

Tuchukue unga kilo mbili kwa siku, siku tatu mfululizo. Kilo moja ya unga, ukiongeza maji kama nusu lita na kidogo, mafuta na chumvi, inatoa donge la karibu kilo moja na gramu 600. Ukikata vidonge vya gramu 120 unapata chapati 13. Kilo mbili ni chapati 26. Tuseme unga, mafuta, chumvi na mkaa vinakugharimu shilingi 8,000 kwa siku, nawe unauza chapati shilingi 500. Ukiuza 16, gharama imerudi. Zote zikiisha mauzo ni 13,000. Zisiponunuliwa kabisa siku zote tatu umepoteza 24,000, na nyumbani mmekula chapati. Weka bei za kwenu badala ya hizi, lakini piga hesabu yote mpaka uione hasara ya juu kwa macho yako. Hofu isiyo na namba haina mwisho. Hii ina mwisho wake kwenye 24,000, na mtu anaweza kuamua kama anaimudu.

Kisha andika masharti ya kuamua. Kwa mfano, wastani ukiwa 20 au zaidi kwa siku, naendelea wiki nzima. Ukiwa kati ya 10 na 19, nabadilisha kitu kimoja, mahali au saa, na kurudia siku tatu. Chini ya 10, naacha chapati na kufungua ukurasa mpya. Masharti yanaandikwa mapema kwa sababu baada ya matokeo akili ya mwenye hofu hutafsiri kila kitu kwa upande wa hofu. Akiuza 22 atasema ni bahati, na akiuza 9 siku ya kwanza yenye mvua atasema ndiyo basi. Karatasi haibadilishi maneno.

Majaribio huharibika kwa njia zinazojulikana. La kwanza ni ukubwa: mtu anakodi fremu na kununua mfuko wa kilo 25, na sasa hasara ni kubwa kiasi kwamba woga unarudi, tena kwa haki. La pili ni vifaa. Aproni, meza mpya na stika zenye jina la biashara ni maandalizi, hayajibu swali la kama watu watanunua. Jaribu kwa kikaango cha nyumbani na beseni lenye kitambaa safi. La tatu ni kugawa bure kwa marafiki. Watasema tamu sana, kwa adabu. Maoni ya kuaminika yanakuja na shilingi 500 mkononi. La nne ni kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, bei, mahali na saa, mauzo yakapanda, nawe usijue ni lipi lililoyapandisha.

Kwa mambo yasiyo ya biashara mipaka ni ile ile. Anayesita kuomba kazi: barua moja, mwajiri mmoja, dakika 40, inatumwa kabla ya saa sita mchana hata kama haijakamilika kama anavyotaka. Anayeogopa kumkabili mdai wake: simu moja yenye kiasi na tarehe ndani yake, "Tarehe 5 nitaleta 20,000," wala asianze na hadithi ndefu ya shida. Wanaodai huvumilia namba kuliko ukimya.

Funga hatua kwenye saa na mahali

"Nitaanza wiki ijayo" hakuna mahali pa kukamatia. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Ujerumani na Marekani, alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba mpango wa aina ya "ikitokea hili, nitafanya lile" unamsaidia mtu kutenda kuliko nia peke yake, kwa sababu uamuzi umeshafanyika na tukio ndilo linalomkumbusha. Andika sentensi mbili. Ya kwanza ni ya kuanzia: "Kengele ikilia saa 11 alfajiri, naingia jikoni kuwasha jiko." Ya pili ni ya kizuizi: "Nikisikia 'labda kesho,' napima unga tu, kisha ndipo naamua." Sentensi ya pili ina nguvu kwa sababu unga ukishakuwa kwenye karai, kuongeza maji ni rahisi kuliko kuurudisha.

Usiku pima unga, osha karai, weka kibiriti juu ya jiko, chumvi pembeni. Kila kitu utakachohitaji kukitafuta alfajiri ni nafasi ya kuanza kuwaza.

Yape mawazo saa yao

Huwezi kuyafukuza mawazo kwa kuyakataza. Ukiyakataza yanarudi kwa nguvu. Unaweza kuyaahirisha. Thomas Borkovec na wenzake, Marekani, walieleza njia hii mwaka 1983, nayo bado inatumika kliniki. Chagua dakika 20 hadi 30 kila siku, saa ile ile, kiti kile kile, kwa mfano saa 11 jioni. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike kwa maneno mawili ("ada Juma") na ulipe miadi: saa 11. Saa ikifika, kaa, fungua daftari, ushughulike na yaliyoandikwa kwa zile herufi tatu. Mengi utayakuta yamepoa. Muda ukiisha, inuka na uende kufanya kazi ya mikono, kuosha vyombo au kumwagilia bustani.

Njia hii inashindwa kwa sababu mbili. Watu wanaifanyia kitandani, na kitanda kinajifunza kwamba hapo ni mahali pa kuhangaika. Tena wanairuka siku nzuri, hivyo siku mbaya ikija akili haiiamini ahadi ya saa 11. Ikae kila siku kwa wiki mbili kabla hujaihukumu, na isiwe ndani ya saa mbili kabla ya kulala.

Na usiku wenyewe? Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka kitandani. Kaa kwingine kwenye mwanga hafifu, andika kinachozunguka, rudi usingizi ukija. Usitazame saa.

Mtu wa kukuuliza

Mwambie mtu mmoja, siyo kundi zima. Ukitangaza kwenye kundi utapata pongezi kabla ya kazi, na pongezi zinashibisha. Mpe huyo mmoja tarehe na namba: "Alhamisi jioni niulize nimeuza ngapi." Asikushauri wala asikuhurumie, aulize tu.

Mawazo yanapokuwa ugonjwa

Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna raha na chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, na hata hatua ndogo kabisa hazifanyiki, daftari peke yake halitoshi. Nenda kituo cha afya na useme waziwazi kwamba ni mawazo, usiseme kichwa kinauma ukapewa dawa za maumivu. Hospitali za rufaa za mikoa Tanzania zina wahudumu wa afya ya akili, na zipo hospitali maalumu kama Mirembe, Dodoma, na Mathari, Nairobi. Yakija mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako hata saa moja. Mwite mtu akae nawe na akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Jioni ya siku ya tatu

Hesabu, andika, linganisha na masharti uliyoyaweka. Tuseme 14, 19, 24. Jumla ni 57, wastani 19. Sharti linasema badilisha kitu kimoja. Kabla ya kuchagua, angalia ulichoandika pembeni siku kwa siku: siku ya tatu ulitoka mapema, saa 12 na robo, wakapita mafundi na madereva wa bodaboda wakielekea kazini. Basi kinachobadilika ni saa. Zima jiko, funika karai, rudisha kengele nyuma kwa nusu saa, na juu ya ukurasa mpya andika tarehe tatu zinazofuata.